Aliyeokotwa Majivuni

Ukimwita Wabwile mara moja, haitiki. Unaweza kusimama mlangoni pake na sahani ya chakula chake mkononi, ukaita kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, naye akanyamaza tu. Ita mara ya pili ndipo anageuka na lile tabasamu lake la upande mmoja. "Naam, mrembo."

Mwanzoni Waithera alidhani ni maringo. Alikuwa na duka la dawa za mifugo mjini Kitale, kwenye barabara inayoshuka Kipsongo, na Wabwile alikuwa fundi wa pampu za maji upande wa pili wa barabara hiyo hiyo. Siku ya kwanza Wabwile alisahau spana yake kaunta, Waithera akatoka nje kumwita, na jamaa akaenda zake kama hakuitwa yeye. Ilibidi msichana wa watu avue viatu vya kisigino na kumkimbiza.

"Wewe hayo masikio ni ya kuazima ama?" alimuuliza alipomfikia, pumzi zimemwisha.

"Uliita mara moja."

"Kwani huwa naandika barua kwanza?"

Wabwile alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Kwetu Kabuchai, mtu akikuita na humwoni, unangoja aite tena. Binadamu ataita tena. Linani huita mara moja tu."

"Linani ndiye nani?"

"Yule wa hadithi. Anakula watu. Anaweza kuiga sauti ya mama yako hata ukaapa ni yeye. Lakini hajui kurudia."

"Aa, kwetu huyo ni irimu," Waithera akasema. "Cucu, nyanya yetu, alituambia ana mdomo wa pili kisogoni, ameufunika na nywele. Anakuja akiwa kijana mtanashati, wasichana wajinga wanamfuata." Akamzunguka Wabwile, akasimama kwa vidole vya miguu na kumkagua kisogo. Hapo ndipo mapenzi yao yalipoanza, kama ulitaka kujua: msichana anakagua kisogo cha mwanamume katikati ya barabara, mchana kweupe, bodaboda wanapiga honi.

Miaka miwili ilipita. Waithera alijifunza kuita mara mbili, na kwake ulikuwa mchezo wao wawili tu. Hakujua bado kwamba kwa Wabwile haukuwa mchezo.

Jumamosi moja watu wa Kabuchai wakaja Kitale kubisha hodi rasmi.

Mama yake Waithera, Waruguru, alikuwa amekubali shingo upande. Alikuwa mpiganaji wa vita vyake mwenyewe yule mama. Mume alikuwepo, mzee Ndirangu, mpole kama maziwa, lakini nyumba ile ya mawe ilijengwa kwa vitunguu ambavyo Waruguru alivibeba mgongoni kwenda soko la Chwele enzi za ujana wake. "Kwani vijana wa Trans-Nzoia wameisha?" alikuwa amemuuliza bintiye. Halafu Wabwile akaja akawatengenezea pampu ya kisima bila kuitishwa mara mbili, na mama akalainika. Asubuhi ile alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisa, amekaanga kuku na chapati zimejaa sinia.

Wageni walikuwa watatu: Wabwile mwenyewe, amevaa shati la bluu ambalo Waithera alimchagulia, baba yake mdogo Khisa, mwenye koti refu na hotuba ndefu zaidi, na mama yake Wilkista, mwembamba, kimya, amejitwika mkungu wa ndizi.

Waruguru alitoka jikoni akijifuta mikono, akanyoosha mkono kumtua mgeni mzigo. Ulikuwa mkono wake wa kushoto, usio na kidole cha shahada. Kilikatwa na mashine ya majani ya ng'ombe akiwa msichana.

Wilkista aliutazama mkono ule. Mkungu ukamponyoka, ndizi zikatawanyika verandani.

"Mama?" Wabwile akamshika bega. "Ni nini?"

Wilkista alivua viatu. Akaketi chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha vile wanawake huketi matangani, kisha akainua uso.

"Mama Makokha," akasema. "Umezeeka vizuri."

"Mimi ni Mama Muchiri," Waruguru akasema, akimtazama mumewe. "Umenifananisha, dada yangu. Inuka, utapata baridi."

"Sijakufananisha. Kwetu mutoto wa kuokotwa jaani anaitwa Makokha. Huo mukono niliona nikiwa ndani ya miwa. Ilikuwa siku ya soko ya Chwele. Ulikuwa na gunia ya vitunguu, ukaweka chini, ukaokota mutoto kwa majivu."

Halafu Waruguru akapiga makofi, akaangua kicheko kikubwa.

"Ngai! Mtoto wa kuku!"

Waithera alikijua kisa kile. Watoto wote wa nyumba ile walikijua. Kilisimuliwa kila Krismasi kabla ya nyama. Mama yao, bado kijana na Muchiri, kifungua mimba wake, ndio kwanza ameanza kutambaa, anapita njia ya miwa kwenda Chwele. Anasikia kilio. Kwenye jaa la majivu kuna mtoto uchi, uso mweupe kwa jivu. Mama anamfunga mgongoni kwa leso na kukimbia nyumba ya kwanza akipiga mayowe. Mara wanawake wanatoka miwani, wanapiga vigelegele na kulia kwa wakati mmoja, wanampokonya mtoto, wanamsukumia kuku kwapani na kumwambia nenda, usitazame nyuma. "Nikasema hawa watu wote wamerukwa na akili!" ndivyo mama alivyomalizia, na watoto wakafa kwa kicheko.

Waithera peke yake hakuwa akicheka. Alikuwa akiuliza, "Na yule mtoto?" Mama alijibu, "Sijui, atakuwa mkubwa." Jibu hilo halikumtosha. Alikuwa akiweka kipande cha mkate chini ya mto wake, ili mtoto wa majivuni akija asilale njaa. Alimpenda kabla hajajua kupenda ni nini. Na sasa mtoto yule alikuwa amesimama mbele yake, ana ndevu, amevaa shati la bluu.

"Ni mimi?" Wabwile akauliza kwa sauti ndogo. "Mama, huyu ndiye?"

"Ndiye alikuokota," Wilkista akasema. "Wewe ni wake."

"Basi si ni baraka hiyo!" mzee Ndirangu akaingilia, amefurahi. "Watu wanajuana kutoka zamani. Tuingie tule."

Hakuna aliyeingia. Wilkista alianza kusimulia akiwa palepale chini, akimtazama Waruguru peke yake.

"Nilizaa wengine kabla ya huyu. Kila nikizaa, linani inakuja. Haikuji na meno vile ya hadithi. Inakuja mchana, jua iko kichwani, mimi niko kwa shamba. Inaita jina ya mutoto mara moja, na sauti yangu. Mutoto anacheka, anaitika vile watoto wanaitika mama. Jioni ana joto. Asubuhi hayuko." Akameza mate. "Huyu alipozaliwa, wazee wakasema asikuwe wangu. Atupwe, aokotwe na mutu wa mbali ambaye hajui. Linani ikija kuuliza mutoto wa Wilkista, iambiwe hakuna, kuna wa yule mwanamke wa vitunguu. Mimi nimemlisha tu. Kila siku nimemlisha mutoto wako, mama."

Kicheko cha Waruguru kilikuwa kimekwisha.

"Sasa anataka kuoa musichana wako," Wilkista akaendelea. "Ataoa aje dada yake? Na akimwoa, atakuwa amesema wewe si mama yake. Kama si wako, ni wangu. Na wangu wote walienda."

"Mimi ni mtu wa kanisa," Waruguru akasema. "Hayo mambo mimi siyaamini." Lakini alikaa kitini polepole, kisha akauliza swali ambalo mtu asiyeamini haulizi. "Na wajukuu wangu? Watoto wa huyu msichana wangu, watakuwa wakiitwa na nani?"

Khisa, mwenye hotuba, aliinama akaanza kuokota ndizi moja moja. Chapati zilipoa kwenye sinia.

Waithera alimpata Wabwile nyuma ya tangi la maji, amelaza paji la uso kwenye bati.

"Wabwile." Akangoja. "Wabwile."

Akageuka. Alikuwa akilia bila sauti.

"Nimeisikia," akasema.

"Umesikia nini?"

"Tangu tuseme tunaoana. Niko shambani kwa mtu, napima bomba, jua kali, hakuna hata ndege. Mama ananiita. 'Wabwile.' Mara moja. Na mama yangu yuko Kabuchai, Waithera. Nimesimama nikingoja aite tena mpaka jasho likakauka mwilini."

"Na hukuniambia?"

"Ungecheka."

"Ningecheka, ndio. Halafu ningeogopa pamoja na wewe. Kwani mpenzi ni wa nini, wa kupigwa picha tu?"

Alitaka kumshika. Wabwile akarudi nyuma hatua moja, na hatua ile ilimchoma Waithera kuliko maneno yote ya verandani.

"Wewe ni mtoto wa mama yangu," akasema. "Wewe ni dada."

"Koma! Dada hapigwi busu nyuma ya hii tangi, na Jumapili iliyopita ulinipiga hapa hapa. Dada gani huyo?"

"Waithera, bana. Nikikuoa nitakufa, ama nitakuachia watoto wa kuzika. Mama yangu amezika wa kutosha. Sitaki kukuona umekaa chini hivyo, miguu umenyoosha."

"Kwa hivyo unaniacha ili nisilie?"

Wabwile alikwaruza kutu ya bati kwa ukucha.

"Mbona basi nalia?" akamuuliza.

Wabwile alinyoosha mkono kana kwamba atamfuta machozi, mkono ukakwama hewani, akaurudisha mfukoni. Kisha akaenda langoni alikokuwa akingoja Khisa, na hakutazama nyuma. Wilkista ndiye aliyechelewa. Alimvuta Waithera kando, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kwa huruma.

"Unampenda?"

"Sana, mama."

"Kitu ilitupwa inaweza kutupwa tena," Wilkista akanong'ona. "Lakini aliyeokota ndiye anatupa, si mwingine. Na atakayeokota lazima asijue anaokota nini, vile mama yako hakujua. Mutu akiokota akijua, anaokota na kile kinafuata nyuma."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo mutu kama huyo hayuko, mwanangu. Nani ataokota mwanaume muzima bila kuuliza? Nimekuambia tu ndio usiseme nilikuficha."

Siku zilizofuata duka la pampu lilibaki na kufuli. Simu ya Wabwile ilizimwa. Waithera aliuza dawa za minyoo na chumvi ya ng'ombe akiwa ameelekea barabarani, na wateja wakamwonea haya. Usiku aliota jaa la majivu lenye alama ya mwili mdogo, hakuna mtoto juu yake. Alijilaumu, akamlaumu mama yake, akawalaumu wazee wa Kabuchai waliokwisha kufa. Lakini moyo ni mkaidi, haukubali lawama ichukue nafasi ya mtu.

Jioni moja aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Mama, siku ile ungejua, ungemwacha pale?"

Waruguru alikuwa akichambua maharagwe. Hakuuliza siku gani.

"Mtoto analia kwa majivu, unaniuliza kama ningemwacha?"

"Ungejua kila kitu. Linani na mambo yote."

Maharagwe yakaanguka moja moja. "Nikuambie kitu sijawahi kusema Krismasi," Waruguru akasema hatimaye. "Waliponinyang'anya yule mtoto, nilitembea mpaka Chwele nikiwa na gunia kubwa la vitunguu, na nilisikia mgongo wangu mwepesi. Mwepesi mpaka nikalia njiani. Ndio maana nacheka nikisimulia. Nisipocheka sitamaliza."

"Basi njoo umtupe, Mama. Uliokota bila kuuliza. Tupa bila kuuliza."

"Nimtupe mtoto wa mtu? Mimi? Nikiulizwa kanisani nitasema nini? Na nani atamwokota?"

Waithera alijigusa kifuani. Mama alimtazama, akaelewa, akasimama na ungo ukamwagika wote.

"Hapana! Waithera, hapana! Yule mama alisema nini kuhusu mtu anayejua? Nilisikia, mimi si kiziwi! Wewe ndiye nilizaa. Mgongo wangu ukiwa mwepesi mara ya pili nitaishi aje?"

"Na wangu, Mama?" Waithera akauliza. "Wangu ni mwepesi sasa hivi."

Kesho yake alifunga duka na kwenda Kabuchai peke yake.

Alimkuta Wabwile uani, anatengeneza pampu ya mkono ambayo haikuwa imeharibika. Alikuwa amekonda. Alipomwona, uso wake ulifunguka kwa furaha, kisha akaufunga kwa nguvu.

"Nani amekuita hapa?"

"Hakuna mtu ameniita. Ndio maana nimekuja."

"Rudi nyumbani, Waithera."

"Sirudi. Unaisikia bado?"

Wabwile alitazama miwa, iliyosimama pande zote za boma, mirefu kuliko paa. "Kila siku. Sasa inaita kutoka karibu. Jana nilikaribia kuitika, kwa uchovu tu. Unajua kuchoka kuogopa? Mtu anatamani liishe."

Wilkista alitoka jikoni, akamkumbatia msichana bila kusema, akamletea kigoda. Waithera hakuketi. Akawaambia alichokuja kufanya, neno kwa neno.

"Nitaokota mimi. Najua ni nini kinamfuata. Kifuate na mimi."

"Hapana!" Wabwile aliangusha spana. "Wazimu huo! Nikubali nikuvishe kifo changu ndio nipate bibi?"

"Usiseme bibi kama ni kitu cha duka. Nilikuwekea mkate chini ya mto kabla nijue una jina. Wewe unafikiri hii ilianza na spana?"

Wabwile alimtazama. Kama kuna siku mwanamume aliwahi kumtazama mwanamke kwa njaa na hofu pamoja, ni siku ile.

"Maneno ni matamu," Wilkista akasema kwa huzuni, "lakini aliyeokota hayuko. Bila yeye tunacheza tu."

Ndipo bodaboda ikanguruma njiani. Ilisimama langoni, na nyuma ya dereva alishuka Waruguru, kitambaa cha kanisa kimeenda upande, vumbi mpaka kwenye kope, na kwapani amemfumbata kuku mwekundu mwenye hasira.

"Nimerudisha kuku wenu," akamwambia Wilkista. "Yule wa kwanza tulimla, mtanisamehe. Huyu ni mkubwa zaidi."

"Mama!" Waithera akamkimbilia.

"Usiniguse, nitalia na nimekuja kufanya kazi." Waruguru alimkabidhi Wilkista kuku kwa mikono miwili, Wilkista akampokea kwa mikono miwili. "Usiku kucha nimeomba. Nikamwambia Mungu, kama ni dhambi iwe yangu, lakini huyu msichana ataenda nikikataa na ataenda nikikubali, na kijana nilimbeba mgongoni kabla huyu hajazaliwa. Liko wapi hilo jaa?"

Lilikuwa palepale, kwenye njia ya mkato kwenda Chwele, majivu ya jikoni ya miaka yote, miwa kushoto na kulia. Jua lilikuwa utosini. Kwa mbali ng'ombe wa mnadani walilia.

Wabwile alivua shati, akalala juu ya majivu. Mwanamume mrefu vile alikunja magoti yapate kutosha. Waruguru alipiga magoti kando yake, akachota jivu kwa ule mkono wenye vidole vinne, akampaka mashavuni, kwenye paji la uso, kwenye midomo. Alifanya polepole kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha.

"Ulikuwa mzito," akamwambia. "Mtoto mdogo hivi lakini mzito." Kisha akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika miwani: "Mimi Waruguru nilikuwa na mtoto nilimwokota hapa. Kuku wake nimerudisha. Simtaki tena. Nimemtupa."

Akaenda. Hakutazama nyuma. Waithera alimwona akipeleka mkono mgongoni, akipapasa kana kwamba anatafuta fundo la leso, mpaka njia ilipopinda ikammeza.

Sasa Wabwile hakuwa wa mtu.

Upepo ulikatika. Hilo ndilo alilolikumbuka Waithera baadaye kuliko yote, jinsi majani ya miwa yalivyoacha kuchezacheza, yote kwa pamoja. Wilkista alikuwa ubavuni pake, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akapiga hata chafya.

Na Wilkista akaita.

"Wabwile."

Sauti ilikuwa yake hasa, na ule mkwaruzo wake mdogo mwishoni. Ilitoka ndani ya miwa, upande wa pili wa jaa. Waithera aligeuka kumtazama mama yule: mikono ilikuwa bado mdomoni, na macho yalikuwa yamemtoka.

Kwenye majivu, Wabwile alitabasamu. Lilikuwa tabasamu pana la mtoto aliyeachwa kutwa nzima na sasa amesikia mama amerudi. Mwanamume aliyekuwa hajaitikia mwito wa kwanza tangu apate akili alifungua midomo yake myeupe, akavuta pumzi aitike.

Waithera hakukumbuka kukimbia. Alijikuta juu yake, magoti majivuni, kiganja amekibana mdomoni mwake kwa nguvu zake zote. Pumzi ya lile "naam" ilimpiga kiganjani, ya moto.

"Hayuko!" akapiga kelele kuelekea miwani. "Hapa hakuna mtoto wa Wilkista! Hakuna mtoto wa Waruguru! Huyu nimemwokota mimi, Waithera, na nilijua! Umesikia? Nilijua!"

Halafu kitu kikapita kati ya miwa, bila haraka, kikienda mbali, na mashina yakainama na kuinuka, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa shamba. Upepo ukarudi.

Wabwile aliutoa mkono wa Waithera mdomoni mwake.

"Nilitaka kuitika," akasema. "Waithera, nilitaka sana."

"Najua. Nyamaza. Mtoto aliyeokotwa haongei." Akamgeuzia mgongo, akavuta mikono yake mirefu ikapita mabegani, akainuka naye. Alikwenda hatua chache tu, miguu ya Wabwile ikiburura vumbini, kabla ya wote wawili kuanguka kwenye nyasi, wamejaa jivu, wanacheka na kulia. Wilkista akapiga kigelegele. Kilikuwa kimekaa ndani yake miaka mingi kile, na kilipotoka aliketi chini na kulia kwa sauti, na kuku mwekundu akamkimbia.

"Nilikuambia wewe ni mzito?" Waithera akamuuliza Wabwile, akimfuta jivu midomoni kwa kidole.

"Mama yako ameniambia."

"Mama yangu. Umesema vizuri. Si yako tena."

Ndipo akambusu, majivu na yote.

Baadaye walishika njia ya Chwele kumfuata Waruguru. Walimwona mbele, pale njia inapokutana na barabara, anabishana na kijana wa bodaboda, mkono kiunoni, kitambaa amekifunga upya. Wabwile alikuwa amevaa shati lake la bluu. Alimshika Waithera mkono bila kuuliza, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi alipumua kama mtu anayepumua.

"Waithera."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Ile sauti ya jikoni kabisa, ya kumwambia maji yamechemka. Ilitoka nyuma yao, ndani ya miwa.

Mbele, barabarani, Waruguru alikuwa bado anabishana, amewapa mgongo.

Waithera alisimama. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza kugeuka, aliurudisha. Vidole vya Wabwile vilikaza juu ya vyake mpaka vikauma.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Nimesikia," Wabwile akasema.

Wakasimama njiani, mkono kwa mkono, wakingoja iite tena. Haikuita.